Lori Limetoka Wapi? Kununua kwa Jumla Kibaha na Kisarawe

Malori ya aina mbili hupishana Maili Moja, Kibaha, usiku na mchana. Yanayoelekea Dar es Salaam yamebeba mchele wa Mbeya, mahindi ya Rukwa na Iringa, maharage, viazi na vitunguu. Yanayotoka Dar yamebeba mafuta ya kula, sabuni, unga wa ngano, tambi na vinywaji. Anayetaka kula vizuri bila kuumizwa na bei katika mji huu aanze kwa kuyajua malori hayo, kabla hajauliza bei ya kitu chochote.

Kwa nafaka, Kibaha iko mbele ya Dar es Salaam: lori la mchele linaipita kilomita 40 hivi kabla halijafika mjini. Kwa mafuta ya kula, Kibaha iko nyuma: dumu limetoka kiwandani au bandarini, likapita mikononi mwa wakubwa wa Kariakoo, ndipo likapanda Barabara ya Morogoro. Ndiyo maana maduka mawili ya jumla yaliyopakana yanaweza kuuza mchele uleule kwa bei mbili. Mmoja ameshushiwa mzigo palepale, lori likiwa njiani. Mwingine ameufuata soko la Tandale, jijini Dar, akawalipa makuli wa kushusha na wa kupakia, akakodi Canter, akaurudisha njia uliyokwisha pita. Swali la kumuuliza mwenye duka ni rahisi na halina ubaya wowote: "Huu umeshushiwa hapa, au umetoka Tandale?" Mfanyabiashara wa kweli atakujibu, kwa sababu anajua kwamba anayeuliza hivyo atarudi.

Kisarawe ni habari nyingine. Mji uko juu ya vilima vya Pugu, na karibu kila kitu cha pakiti kinaufikia kupitia Gongo la Mboto na Pugu, kikiwa kimeshalipiwa njia nzima ya jijini. Sijaona faida ya mtu wa Kisarawe kujaza ghala la nyumbani kwa tambi na biskuti. Lakini mgongoni mwa mji kuna Masaki, Maneromango na Mzenga, na huko ndiko muhogo, nazi na korosho vinakotoka. Kwa vitu hivyo Kisarawe ndiyo chanzo chenyewe, na mtu wa Kibaha anayesafiri kwenda Kariakoo kununua nazi za Kisarawe anazilipia matembezi ambayo nazi hazikuhitaji.

Mwaka 1976 mambo mawili yalitokea katika pande mbili za dunia, na mimi huyaweka pamoja kila ninapofikiria maduka haya. Julai mwaka huo, huko San Diego, Marekani, Sol Price alifungua Price Club ndani ya jengo lililokuwa banda la ndege. Sakafu ilikuwa ya saruji, bidhaa zilirundikwa kama zilivyoshushwa, na mteja alilipa ada ya uanachama ili aruhusiwe kununua kwa wingi. Costco ilifuata Seattle mwaka 1983, na kampuni hizo mbili zikaungana 1993. Mpaka leo Costco inajulikana kwa kujiwekea mpaka: haiongezi zaidi ya asilimia 14 au 15 hivi juu ya bei iliyonunulia. Sehemu kubwa ya faida yake inatoka kwenye ada za wanachama.

Mwaka huohuo Tanzania iliendesha Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yapishe maduka ya vijiji na ya ushirika, na bidhaa zitoke kwenye kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo wazee wa Kibaha bado wanazitaja. Nia ya serikali na nia ya Price zilikaribiana kuliko tunavyokubali: mwananchi wa kawaida apate bidhaa kwa bei iliyo karibu na ya kiwandani, bila msururu wa mikono katikati. Kilichotofautiana ni mzigo. Price alikuwa nao. Sisi, baada ya mafuta ya petroli kupanda bei na vita vya Kagera kula fedha za kigeni, tulibaki na maghala yenye bei nzuri ukutani na rafu tupu chini yake. Foleni za sukari na sabuni zikawa ndefu, Machi 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Edward Sokoine, na mwaka uliofuata milango ya uagizaji ikaanza kufunguliwa kwa watu binafsi. Waliokuwa watoto wakati huo hawakusahau. Ukimwona mama wa umri wa miaka 50 na kitu Kibaha ana viroba viwili vya sembe uvunguni, usimwite mchoyo.

Tangu hapo maduka makubwa ya kigeni yamekuja na kuondoka. Shoprite iliuza maduka yake na kuondoka 2014, Uchumi ikafunga 2015, Nakumatt ikawafuata, na Game ya Mlimani City ikafunga mlango mwishoni mwa 2022. Waliobaki ni wenye maduka ya jumla: mlango mpana wa chuma, magunia mpaka karibu na dari, mizani mbele, vijana wa kubeba wakisubiri nje. Hakuna kadi ya uanachama. Kuna kufahamiana, nako kuna thamani kubwa, kwa sababu mwenye duka anayekufahamu atakwambia, "Mama, usichukue leo, kesho kutwa kuna mzigo mpya unaingia."

Sasa hesabu. Bei ya kiroba haikwambii kitu mpaka uigawanye kwa kilo, na bei ya kilo haikwambii kitu mpaka ujue kiroba kitakaa muda gani nyumbani. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 ni shilingi 135,000, yaani 2,700 kwa kilo, na Mangi, mwenye duka wa mtaani, anauza kilo 2,900. Umeokoa 10,000. Toa 3,000 ya bodaboda, imebaki 7,000. Familia ya watu watano inayotumia kilo sita kwa mwezi itakaa na mfuko huo zaidi ya miezi minane, kwenye unyevu wa Pwani, sukari ikiganda na sisimizi wakiitafuta, na 135,000 yako imelala. Chukua mchele. Familia hiyohiyo ikipika kilo moja na nusu kwa siku, mfuko wa kilo 50 unaisha mwezi mmoja na siku chache. Tofauti ikiwa shilingi 300 kwa kilo, umepata 15,000 ndani ya muda huo, na mwezi ujao unapata tena. Kwa hiyo nasema waziwazi: mwenye fedha kidogo za kununulia jumla aanze na mchele na unga, sukari inunuliwe kwa kilo. Najua mtu atanikumbusha mwanzo wa 2024, mvua zilipozuia uvunaji wa miwa na kilo ya sukari ikapita 4,000 sehemu nyingi. Ni kweli, aliyekuwa na mfuko ndani alipumua. Lakini kila aliyekimbilia mifuko mitatu wakati ule aliipandisha bei kwa jirani yake.

Mchele una mambo yake, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Usinunue mfuko kwa kuangalia ule uliomwagwa kwenye sinia kaunta. Mwombe muuzaji atie bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, kwanza ubavuni katikati, kisha karibu na kitako cha mfuko, kwa sababu mchele wa kuchanganywa hufichwa chini. Mimina kiganjani. Hesabu kwa macho chenga ni ngapi, tafuta mawe na vumbi la wadudu, nusa, halafu tia punje moja kati ya meno ya mbele. Iliyokauka inakatika kwa mlio. Isiyokauka inabonyea, na mfuko huo utavunda kabla hujafika nusu. Chenga zenyewe si mbaya zikiuzwa kama chenga kwa bei yake. Mpika vitumbua hahitaji punje nzima, maana anauloweka mchele na kuusaga.

Nilimsikiliza mama lishe mmoja Maili Moja akinunua, na mazungumzo yale yalinifundisha zaidi ya maelezo mengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huu wa kwako umevunwa lini?"

"Wa msimu huu mama, mpya kabisa, hata harufu unaisikia."

"Basi nipe ule wa mwaka jana."

Kijana alimshangaa, lakini mama alikuwa na hesabu yake. Mchele mpya una maji ndani. Ukiupika unashikana, na sufuria haijai. Uliokaa unakunywa maji mengi zaidi, unavimba, unachambuka, na kilo ileile inatoa sahani zaidi. Kwa mtu anayeuza kwa sahani, huo wa mwaka jana ni nafuu hata kama bei ya kilo ni moja.

Maharage ni kinyume chake. Yaliyokaa sana ghalani huwa magumu na hayaivi. Unaweza kuokoa shilingi 200 kwenye kilo ukazimaliza zote, na nyingine juu yake, kwenye mkaa au gesi. Nunua robo kwanza, kachemshe nyumbani, kisha urudi kuchukua debe. Ngozi iliyokunjamana na rangi iliyofifia kuwa ya kahawia ni dalili za kutosha.

Dona hainunuliwi kwa miezi. Kiini cha mahindi kina mafuta, na kwa kuwa dona imesagwa pamoja na kiini, inaanza kuwa chungu mapema kuliko sembe. Kwa joto la Pwani, chukua ya wiki chache tu. Na mahindi au karanga zenye ukungu zisiingie nyumbani kwa bei yoyote, hata za bure. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mafuta ya kula nayo yana mtihani mmoja ambao wengi hawaufanyi. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita 20 zina uzito wa kilo 18 na kidogo, ukiacha dumu lenyewe. Liweke dumu juu ya mizani. Likisoma kilo 17 pamoja na plastiki yake, hizo si lita 20, hata kama lebo imechapishwa vizuri namna gani. Angalia na kizibo, kama lakiri yake haijakatwa. Mizani nayo iangaliwe: Wakala wa Vipimo huihakiki kila mwaka na kubandika stika, na mnunuzi ana haki ya kuiona.

Kuna nafuu nyingine ambayo mimi naikataa, na ningependa msomaji naye aikatae. Gunia la viazi au mkaa lililofungwa lumbesa, kile kilima kilichoshonewa juu ya mdomo wa gunia, linaonekana neema kwa mnunuzi wa Kibaha. Kilima hicho ni jasho la mkulima ambalo halikulipwa, na Sheria ya Vipimo inakikataza. Korosho zina jambo kama hilo. Kuanzia Mtwara mpaka Pwani, mkulima anauza korosho ghafi kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani. Kangomba ni yule anayemwendea mapema, mtoto akiwa anadaiwa ada au chakula kimeisha, akachukua korosho kwa kibaba na kwa bei ya shida. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba, kangomba walikuwa katika maneno ya kila mtu. Ukipita Kisarawe, nunua korosho zilizobanguliwa na kukaangwa na akina mama wenyewe. Hapo bei ni yao, kazi ni yao, na wewe unapata korosho ya wiki hiyo badala ya ile iliyokaa miezi kwenye pakiti.

Jambo linaloniuma zaidi katika habari yote hii ni kwamba bei nzuri inamtaka mtu awe na fedha kwanza. Anayelipwa kwa siku ananunua mafuta ya kupima, ya mia tano mia tano, na sukari ya robo. Kwa mwaka analipa zaidi kuliko jirani yake mwenye mshahara, kwa chakula kilekile. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni ya wanawake wa mchezo, yaani upatu. Badala ya kila zamu kumpa mmoja fedha, wanachanga watu watano au kumi, wananunua mfuko wa mchele, kiroba cha sembe na dumu la mafuta, wanagawana. Panapoharibika ni kwenye kugawa. Mfuko upimwe mzima kwanza, kwa sababu mfuko ulioandikwa kilo 50 unaweza kuwa na 48. Kisha kila mmoja apimiwe mbele ya wenzake kwa mizani, si kwa sado, maana mkono wa mpimaji hutikisa sado ya mmoja na kuacha ya mwingine. Kinachobaki chini kinagawiwa palepale. Kundi lililofanya hivyo halivunjiki.

Bado kuna kitu kingine kinachonunuliwa kwa jumla: vinywaji vikali, navyo havipatikani katika kila duka. Pwani ni nchi ya Waislamu wengi, na wenye maduka wengi hawaweki pombe kabisa. Utaitafuta depo au grosari. Wengi tunaoifuata kwa jumla tunaifuata kwa ajili ya sherehe, tukiwa tumetumwa na kamati ya harusi iliyokwisha kusanya michango ya watu. Kwa kuwa ni fedha ya watu, umakini uwe mara mbili.

Kitu cha kwanza ni stempu. Tangu Januari 2019, Mamlaka ya Mapato, TRA, inataka kila chupa ya pombe kali iwe na stempu ya kielektroniki, na ipo programu ya simu, Hakiki Stempu, ya kuisoma. Usisome ya chupa moja juu ya katoni ukaridhika. Fungua katoni, chukua ya katikati. Chupa isiyo na stempu ni ya magendo au ni ya kughushi, na ya kughushi haina wa kukuhakikishia kilichomo. Viroba vya pombe, zile pakiti ndogo za plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017, kwa hiyo anayekupa navyo anakuuzia kesi. Gongo nayo iachwe ilipo. Methanoli ikiingia ndani yake inapofusha na kuua, na aliyeipika hana kipimo cha kujua.

Cha pili ni kilichoandikwa. Wiski inayoitwa Scotch, kwa kanuni za Uingereza za 2009, imekaa kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka mitatu na ina kilevi kisichopungua asilimia 40. Umri ukitajwa, ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Rafu hiyohiyo ina chupa za rangi ya dhahabu ambazo lebo zake zinasema tu ni pombe kali yenye ladha ya wiski: spiriti iliyotiwa rangi na ladha. Si haramu kwa sheria, lakini isiuzwe kwa bei ya Scotch. Konyagi yetu haijidai kuwa kitu kingine. Ina asilimia 35 na inaandika hivyo.

Kisha gawanya tena. Tuseme chupa ya lita moja ni 60,000, ya mililita 750 ni 48,000, na ya 200 ni 15,000. Ya kwanza ni shilingi 60 kwa mililita, ya pili 64, ya tatu 75. Ile ndogo inayoonekana rahisi mfukoni ndiyo ghali. Kwa ukumbi ambako wiski itatiwa barafu na soda, ya kuchanganywa isiyotaja umri inatosha kabisa; kununua ya miaka 12 kwa meza 30 ni kuzamisha michango kwenye Coca-Cola. Weka chupa moja au mbili za umri kwa wazee wanaoinywa taratibu. Chupa ya 750 inatoa toti 25 za mililita 30, na kamati ikianza na hesabu hiyo haitanunua katoni za ziada kwa hofu. Ziada ikibaki, wiski haizeeki ndani ya chupa wala haiongezeki ubora. Isimamishwe wima mahali penye giza, isilazwe kama mvinyo, kwa sababu kilevi kinakula kizibo.

Na kabla ya kulipa, yaandikwe makubaliano ya kurudisha: katoni zisizofunguliwa zitapokelewa mpaka siku gani, kreti na chupa zake zimewekewa shilingi ngapi, nani kazihesabu wakati wa kupakia. Risiti ya mashine ya EFD iwe na jumla ileile uliyolipa, maana mweka hazina ataulizwa. Mpeni kijana mmoja wa kamati kazi ya chupa tupu usiku wa sherehe. Za bia na soda zirudi kwenye kreti, kwa idadi. Za wiski achane lebo na kuvunja vizibo kabla hazijatoka ukumbini, kwa sababu chupa nzima yenye lebo yake na kizibo chake ndiyo malighafi ambayo mghushi anaitafuta asubuhi kwa waokota chupa.